Ngeli ya Mahali: Pa-, Ku- na Mu- Ukingoni mwa Mto

Katika sura iliyotangulia tulizichambua ngeli ambazo nomino zake hutambulikana kwa kiambishi awali: m-/wa-, ki-/vi- na nyinginezo. Ngeli tunayoiingia sasa ni ya namna nyingine. Karibu haina nomino zake yenyewe. Nomino *mahali* ndiyo pekee iliyomo kwa asili, nayo ni neno tulilolikopa kutoka Kiarabu. Nomino nyingine huingia humo kwa kupachikwa kiambishi tamati *-ni*, na zikishaingia huuacha upatanisho wao wa zamani. Neno *mto* ni la ngeli ya m-/mi-, kwa hiyo twasema *mto huu umejaa*. Neno *mtoni* limeihama ngeli hiyo, kwa hiyo twasema *mtoni hapa pamejaa watu*. Nomino ni ileile, maji ni yaleyale, lakini sarufi imebadilika.

Tumeuchagua mto kuwa uwanja wa somo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwalimu tarajali anayesomea hapa West Nile hahitaji kuelezwa mto ni nini. Enyau unapita kandokando ya mji wa Arua, nao mji huchota humo maji yake. Ediofe, penye kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Arua, si mbali nao. Upande wa Koboko kuna Kochi, na kuna Kaya unaoigawa nchi yetu na Sudan Kusini. Kila mto wa namna hiyo una vidimbwi vyake, na kila kidimbwi kina watoto wake wa kuogelea. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Siku moja utawaongoza watoto darasa zima kwenda mahali kama hapo, au utasimama mbele yao kuwaonya kabla ya likizo ya Desemba, na onyo lako litakuwa na maana au halitakuwa nayo kutegemea viambishi vitatu vifupi: pa-, ku- na mu-.

Kifungu cha kuchambua

Kisome kifungu kifuatacho mara mbili. Mara ya kwanza fuata habari. Mara ya pili pigia mstari kila kiambishi cha mahali.

Tulifika mtoni saa nne asubuhi, wanafunzi 31 na walimu wawili. Ukingoni tulimkuta mzee mmoja akitengeneza mtego wa samaki.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, walimu. Karibuni. Mmewaleta watoto kuogelea?

— Ndiyo, mzee. Tungependa kujua, mtoni kuna hatari gani?

— Mtoni kuna hatari nyingi, mwalimu. Ukiniuliza hivyo nitakujibu mpaka jua lichwe. Niulize mahali.

— Basi hapa tuliposimama?

— Hapa pana mchanga. Maji hayazidi magoti ya mtoto. Pale penye jiwe jeupe pana kina. Mimi mwenyewe sipati chini.

— Na mle katikati?

— Mle mna kisiki. Mvua za mwaka jana ndizo zilizokileta. Kwa juu hukioni, lakini kimo. Mwaka huu humu hamjazama mtu, na tusingoje azame.

Watoto waliogelea hapo palipo na mchanga. Ilipofika saa sita tuliwatoa majini, tukawahesabu. Tulipata 30.

— Mwenzenu yuko wapi?

— Yuko mtoni, mwalimu.

— Yumo?

— Hayumo. Yupo nyuma ya jiwe, anavaa viatu.

Nafasi tatu za mahali pamoja

Mzee wa kifungu chetu tumemsanifisha makusudi. Mzee halisi wa Ediofe angezungumza Kilugbara, au Kiswahili chenye *iko* nyingi, na tutarudi kwenye *iko* hiyo baadaye. Hata hivyo jibu lake la kwanza lingekuwa lilelile katika lugha yoyote. Mwalimu aliuliza kwa ku-, na ku- haina mipaka. *Mtoni kuna hatari* inaweza kuwa kweli kuanzia chanzo cha mto hadi mwisho wake. Haimzuii mtoto kuruka popote, kwa sababu haisemi aruke wapi na wapi asiruke.

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alizipanga nafasi hizi tatu kwa namna ambayo bado inatufaa: pa- ni mahali mahususi, ku- ni mahali pasipo mahususi au upande wa kuelekea, na mu- ni ndani. Tuyaangalie maneno ya mzee kwa mpango huo.

(1) Hapa pana mchanga.
(2) Pale penye jiwe jeupe pana kina.
(3) Mle mna kisiki.

Katika (1) na (2) tunaweza kunyoosha kidole. Pa- ni kiambishi cha kidole. Katika (3) kidole hakitoshi, maana kinachotajwa kimefunikwa na maji. Mu- inamwambia msikilizaji kwamba asichokiona ndicho kinachosemwa. Tukiigeuza (3) iwe *pale pana kisiki*, mtoto atatafuta kwa macho kisiki kilichosimama ukingoni, asikione, aamini kwamba mzee amesema uongo, kisha aruke.

Hapa inafaa tuongeze elimu kidogo ya mto wenyewe, kwani mwalimu wa lugha asiyejua anachokitaja hutunga mifano mibovu. Mto unapopinda, maji huenda kasi upande wa nje wa pindo na kuuchimba; upande wa ndani hupungua mwendo na kuacha mchanga. Chini ya maporomoko madogo maji hulichimba shimo. Kwa hiyo mahali pawili palipotengana kwa hatua chache huweza kuwa na kina tofauti kabisa, na mvua kubwa za Agosti hadi Oktoba huweza kuubadilisha mpangilio wote. Mtoto aliyekijua kidimbwi mwezi wa Februari hakijui mwezi wa Novemba. Onyo la mwaka jana halifai mwaka huu, na onyo la ku- halifai mwaka wowote.

Mfano mwingine unaotenganisha pa- na mu- vizuri ni wa maradhi. Kichocho huenezwa na vimelea vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hupendelea maji yaliyotulia au yaendayo polepole. Usubi ni tofauti. Inzi wadogo wanaoueneza huzaliana katika maji yaendayo kasi, na mabuu ya aina mojawapo hujishikiza hata kwenye kaa wa mtoni, lakini mtu huumwa na inzi akiwa nje ya maji, ameketi penye maporomoko. Basi twaweza kuandika:

(4) Usiingie mlimo na konokono.
(5) Usikae sana panapo maporomoko.

Mtu anaweza kupata usubi bila kulowesha hata unyayo. Kichocho, kwa njia ya mto, hakimpati aliyebaki ukingoni. Sarufi inayajua hayo: kimoja ni cha mu-, kingine ni cha pa-. Tumeona wanachuo wakiishika tofauti hii kwa mfano huo upesi kuliko kwa jedwali lolote.

Yupo, yuko, yumo

Mazungumzo ya mwisho ya kifungu ni mafupi, lakini yana mzigo wote wa somo. Mtoto mmoja haonekani. Mwenzake anajibu *yuko mtoni*. Jibu hilo ni sahihi kisarufi, na halimpi mwalimu chochote. Swali linalofuata lina neno moja tu: *Yumo?* Yaani, je, yu ndani ya maji? Lugha nyingine zingehitaji sentensi nzima kuuliza hivyo. Kiswahili kimeweka swali la uhai na kifo katika silabi ya *-mo*.

Zingatia pia ukanushi. *Hayumo* ina maana kwamba hayumo majini; haisemi kwamba hayupo karibu. *Hayupo* ina maana kwamba hapa hayupo; yaweza kuwa yumo majini. Mwalimu anayeita majina ukingoni na kuandika *hayupo* kwenye daftari, kisha akafunga daftari, ameandika nusu ya habari tu.

Viambishi *-po*, *-ko* na *-mo* ndivyo vilevile tunavyovikuta ndani ya kitenzi kama virejeshi: *tunapoogelea, tunakoogelea, tunamoogelea*. Hapa pana mtego mmoja. Kirejeshi *-po-* kinafanya kazi mbili, ya mahali na ya wakati. Sentensi *Tuonyeshe alipozama* inaweza kufahamika kwa sababu kitenzi *onyesha* kinadai mahali. Lakini *alipozama palikuwa na watu* ina sura mbili: wakati alipozama, au mahali alipozama. Anayetoa taarifa ya ajali kwa polisi au kwa wazazi hana ruhusa ya kuacha sura mbili. Aseme *alimozama* akitaka ndani ya maji, *mahali alipozama* akitaka penyewe, na *wakati alipozama* akitaka saa.

Tukiwa bado kwenye vitenzi, tutazame neno *ogelea* lenyewe. Limetokana na *oga*, na umbo lake ni la kauli ya kutendea, lakini maana yake imeganda. *Kuogelea mtoni* si kuoga kwa ajili ya mto. Ndiyo maana hatuhitaji kuifafanua kauli yake tunapofundisha darasa la chini.

Utata wa m- na wa hapana

Kiambishi mu- mbele ya konsonanti huwa m-, nacho hufanana na nafsi ya pili wingi. *Mna samaki* yaweza kuwa *ndani mna samaki*, na yaweza kuwa swali la mnunuzi kwa wavuvi. Katika kifungu, mzee alisema *humu hamjazama mtu*. Bila *humu*, msikilizaji angeweza kuanza kufikiri kwamba nyinyi ndio hamjazama, hadi alipolifikia neno *mtu*, ambalo linakataa fasiri hiyo. Muundo huu, ambamo mahali huchukua nafasi ya kiima na mtendaji huja baada ya kitenzi, ni wa Kiswahili safi: *nyumbani kumeingia wageni, mtoni kumeanguka mti*. Usiusahihishe kwa kalamu nyekundu eti kwa sababu kitenzi hakipatani na *wageni*. Kimepatana na *nyumbani*.

*Hapana* ina utata wake pia. Mtoto anauliza, *Hapa pana kina?* Mwenzake anajibu, *Hapana kina.* Tukiweka kituo baada ya *hapana*, tumepata makanusho ya swali. Tusipoweka, tumepata taarifa kwamba hapa si penye kina. Kwa bahati maana zote mbili hapa zinaelekea upande mmoja. Hebu liulize swali kwa kukanusha, *Hapa hapana kina?*, kisha ujibu *hapana*, uone jinsi msikilizaji atakavyobaki amesimama hajui aingie au atoke. Ukingoni, jibu kwa sentensi kamili.

Kabla hatujaendelea, mfano mmoja wa kuchangamsha darasa: *Majini mna majini.* Neno la kwanza ni *maji* na *-ni*. La pili ni wingi wa *jini*. Ni upatanisho wa *mna* tu unaotuambia lipi ni lipi. Geuza uone: *Majini wamo majini.*

Makosa ya kwetu

Kiswahili kiliingia West Nile kwa njia ya jeshi, polisi na biashara kuliko kwa njia ya shule. Watu wengi wa hapa walitumikia katika King's African Rifles, wakarudi na Kiswahili cha kambini. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo wanafunzi wako watakuja darasani wakiwa tayari wana Kiswahili fulani masikioni, na si haki kukiita ujinga. Kina kanuni zake. Ila si zile zitakazopimwa kwenye mtihani, na katika jambo la mahali kimepoteza kitu cha thamani.

Kosa la kwanza ni *mtoni iko samaki*. Katika Kiswahili cha kambini *iko* imemeza *pana, kuna, mna, yupo, limo* na ndugu zao wote. Kosa hili lisahihishwe mapema, kwani linafuta ngeli nzima.

La pili ni *katika mtoni*. Mahali pametajwa mara mbili. Chagua *mtoni* au *katika mto*. Jina likifuatwa na kivumishi au likiwa jina maalumu, *katika* au *kwenye* ndiyo njia iliyo wazi: *katika mto mpana, kwenye Mto Enyau*. Hatusemi *mtoni mpana*, wala hatupachiki *-ni* kwenye majina ya miji. *Ediofe* haihitaji *-ni*. Ni mahali tayari, nayo huleta upatanisho bila kubadilika: *Ediofe kuna shule, Ediofe pamejengeka*.

La tatu ni *ninaenda kwa mto*. Neno *kwa* pamoja na mwendo huhitaji mtu: *ninakwenda kwa mzee*. Anayekwenda *kwa mto* ameufanya mto kuwa mwenyeji wake.

Chanzo cha makosa haya hakifanani kwa kila mwanafunzi. Kilugbara ni lugha ya jamii ya Sudani ya Kati. Hakina ngeli za Kibantu, na maneno yake ya kuonyesha mahali hufuata nomino. Kwa sababu hiyo Mlugbara huipokea *-ni* kwa urahisi, maana nayo huja mwishoni; kinachomshinda ni upatanisho unaofuata. Kikakwa cha Koboko ni cha jamii ya Kiniloti, nacho pia hakina ngeli hizo. Na mtoto aliyekulia ng'ambo ya mpaka, upande wa Aru au Ariwara, aweza kuja na Kiswahili cha Kongo kisemacho *ku mayi* na *mu mayi*, yaani viambishi vya mahali vikitangulia nomino kama katika lugha nyingine nyingi za Kibantu. Mtoto huyo usimkemee. Tofauti ya ku na mu anayo tayari, tena pengine kuliko mwalimu wake; kinachobaki ni kumwonyesha mahali pa kuipachika.

Je, *mtoni kuna samaki* ni kosa? Sisi hatulihesabu kuwa kosa. Hata pwani, ku- imeenea na kuchukua kazi za wenzake katika mazungumzo ya kila siku, na vitabu vinavyodai *mna* kila mara vimechelewa. Vivyo hivyo *ukingoni mwa mto* limezoeleka ingawa ukingo hauna ndani, kwa kuwa mu- hutaja pia kinachofuata urefu wa kitu. *Ukingoni pa mto* nalo ni sahihi kwa anayetaka kuonyesha mahali pamoja. Tunachokidai ni kwamba mwalimu awe na vyote vitatu mkononi, ili siku inapobidi kutenganisha asilazimike kutumia kimoja kwa sababu hajui kingine.

Mazoezi

1. Bango lifuatalo limebandikwa njiani kuelekea kidimbwi: *Katika mtoni iko hatari. Watoto wasiende kwa mto.* Lisahihishe. Kisha tunga mabango matatu badala ya hilo moja: la kuwekwa njiani, la kuwekwa penye mchanga, na la kuwekwa penye jiwe. Kila bango lisizidi maneno manane, na kila moja litumie kiambishi tofauti cha mahali.

2. Eleza tofauti kati ya *alipozama*, *alikozama* na *alimozama* katika taarifa ya ajali. Ni ipi inayoweza kueleweka kwa namna mbili, na kwa nini?

3. Nenda kwenye mto au kijito kilicho karibu na chuo ukiwa na mwenzako na mtu mzima anayepajua. Chora ramani ya sehemu moja ya kuogelea, mkiwa ukingoni, kisha uandike sentensi kumi juu yake: nne za pa-, nne za mu- na mbili za ku-. Msomee mwenyeji wenu sentensi hizo. Akiikataa yoyote, andika sababu yake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama si ya Kiswahili sanifu.

4. Mwanafunzi wa darasa la tano ameandika: *Mtoni mnatisha.* Mpe fasiri mbili za sentensi yake, kisha mwonyeshe neno moja la kuongeza ili ibaki fasiri moja.